Nuru Aliyoiona Nyanya

Juzi mjukuu wangu alitimiza mwaka mwingine, huko Northfield kwa mwanangu. Akapuliza mishumaa ya keki, watu wakapiga makofi, na mimi nikainuka nikaenda kusimama uani na baridi yote ile. Sikukasirika, msinifikirie vibaya. Keki yenyewe niliipenda. Ni ule moshi. Mshumaa ukizimwa, utambi hutoa harufu yake, na harufu hiyo hainipiti hivi hivi. Hunishika mkono ikanirudisha Saltley, mtaa wetu wa kwanza huku Ulaya, nikiwa mtoto. Mjukuu akanifuata kuniuliza kwa Kiingereza kama naumwa. Kiswahili anakisikia chote, ila kukijibu ndiko hataki, na mimi nimechoka kugombana naye. Nikamwambia siumwi, arudi ndani. Kumweleza ningeanzia wapi?

Acha niwaeleze nyinyi wa rika langu. Nyinyi mnayakumbuka majumba yale yaliyoshikana safu nzima, choo uani, moto wa makaa sebuleni na huko vyumbani mtu unalala na soksi mbili. Mnaikumbuka na ile baridi ambayo umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Wakubwa walilaani. Sisi watoto tulifurahi, wallahi, maana mwalimu hakuweza kumuuliza hesabu za nyumbani mtu aliyekaa gizani. Kila nyumba ilikuwa na mishumaa yake kwenye droo, na kwetu ilikaa pamoja na vijiko.

Nyanya yangu mzaa mama alikuja kutoka Mombasa kumtazama Mama alipojifungua mdogo wangu. Alikuja kwa ajili ya arubaini tu, amsinge mwili kwa mafuta, ampikie uji wa pilipili manga, kisha arudi kwake. Alikuja na jicho moja. La kushoto lilikuwa limekufa zamani. Alisema liliuma siku moja, akafunga kitambaa, akalala, akaamka halioni. Alilisimulia hivyo hivyo, kama mtu anayesimulia kiatu kilichokatika njiani. La kulia ndilo lililofanya kazi zote: kuchagua mchele, kutunga uzi sindanoni baada ya kujaribu mara tatu, na kunikamata mimi nikiramba sukari.

Arubaini haijaisha, ikaletwa simu ya maandishi mlangoni. Mama mdogo Salma, kitindamimba wa Nyanya, amefariki kwa uzazi, na amezikwa siku ile ile kama ilivyo desturi yetu. Mama alipiga ukelele akakaa chini ukumbini. Nyanya alibaki kwenye kiti, mtoto mchanga yuko mapajani mwake. Mwanawe ameoshwa na mikono ya watu wengine, amevishwa sanda na watu wengine, na yeye yuko Ulaya anakoroga uji. Nilimwona anameza mate, anameza tena. Nilidhani ana kiu, nikamletea maji.

Jioni ile umeme ukakatwa. Mama, macho yamemvimba, akawasha mshumaa akauweka mezani. Nyanya akautazama. Akautazama sana, hata nikaanza kuogopa, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Subhanallah."

"Nini, Mama?" Mama akauliza.

"Hamwoni? Umezungukwa na duara. La rangi. Jekundu kwa nje, buluu kwa ndani. Hebu tazameni linavyong'ara."

Tukatazama. Ulikuwa mshumaa.

"Hamlioni kwa kuwa si lenu," akasema Nyanya, na uso wake, ambao tangu mchana ulikuwa umekauka, ukalainika. "Ni Salma huyo. Mwanangu yuko pema, amekuja kuniambia." Na hapo hapo akakataza kilio. Mwanamke aliyekufa kwa uzazi ni shahidi, sawa na aliyefia dini, alisema, na shahidi aliyekuja mwenyewe na nuru yake haliliwi kama maiti wa kawaida. Majirani waliotaka kuja kutandika mikeka ya msiba wakaambiwa wasije. Matanga hayakukaliwa. Mama alikimeza kilio chake akaenda kuosha vyombo gizani.

Basi Nyanya hakurudi Mombasa tena. Kila jioni, baada ya sala ya magharibi, alitia udhu upya, akavaa leso safi iliyopigwa pasi, akachukua kaa moja kutoka jikoni akalitilia udi, akakaa mbele ya mshumaa wake. Hata umeme ukiwapo alisema, "Zimeni hiyo taa, jamani, inanichafulia." Tukazima. Baba alikuwa zamu ya usiku kiwandani, kwa hiyo hakuwapo wa kubisha. Mimi nilikaa kando yake nikikunja uso, nikibana kope, nikijaribu kulipata hilo duara.

"Nimeliona, Nyanya!"

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Ondoka hapa, mwongo we," akasema akicheka, na akanivuta karibu.

Si kila siku alikuja Salma. Siku nyingine mshumaa ulibaki mshumaa, na Nyanya akawa mnyonge. Siku alizokuja, Nyanya aliumwa kichwa. Kilikuwa kichwa kikali, upande mmoja, juu ya jicho, na mara nyingine alitapika. Alijifunga kitambaa kwenye paji la uso akasema ndivyo ilivyo, nuru ina uzito wake, mwili wa mwanadamu haukuumbwa kuibeba. Mimi niliamini. Nani asingeamini? Nilikwenda shule nikiwatazama watoto wa Kizungu kwa huruma, kwamba bibi zao hawaoni chochote ila televisheni.

Habari zikafika kwa jirani yetu, Bi Kulwant. Huyu alikuwa Singasinga wa Kisumu, Kiswahili chake ni cha bara, na alikipenda kuliko Kiingereza. Akaja na sahani ya mandazi, akakaa, akazungukazunguka kwa maneno, mwisho akasema, "Mama, hebu niangalilie na baba yangu. Alikufa tukiwa bado Kisumu."

Nyanya hakumcheka. "Alikuwa akivaa kilemba rangi gani?"

"Nyeupe. Kila siku nyeupe."

"Nikimwona nitakwambia, mwanangu."

Bi Kulwant akafuta pua kwa ncha ya dupata, ule mtandio wake, akaenda zake. Tangu siku hiyo mandazi hayakukatika kwetu.

Siku mambo yalipoharibika, Mama alikuwa kazini Hockley, kwenye karakana ya kutengeneza beji, na Baba ameshatoka kwenda zamu yake. Nimerudi shule, nikamkuta Nyanya amekaa chini, ameegemea kochi, beseni liko mbele yake. Jicho lile la kulia lilikuwa jekundu, ukungu umelitanda, na alikuwa akilishika kwa viganja viwili kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Nilimwita akageuka upande ambao sikuwapo.

"Uko wapi?" akaniuliza. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Nikakimbia bila koti kwa Bi Kulwant. Yule mama hakuuliza maswali mawili. Mumewe akatoa gari lake la kubebea mizigo, tukampandisha Nyanya mbele. Bi Kulwant akabaki na mdogo wangu na ahadi ya kumpelekea Mama habari. Njia nzima Nyanya alikuwa akisoma ayatul kursi, akikatiza kisomo kila gari lilipopiga shimo. Mimi nilikuwa nyuma katikati ya maboksi, nalia kimya kimya. Jicho ni moja, niliwaza. Likienda hili, hakuna jingine.

Hospitali ya macho walituingiza mara moja. Daktari alikuwa mrefu, mikono yake baridi, na alikuwa na tabia ya kusema pole pole na mimi kana kwamba nami ni mgonjwa. Hakukuwa na mkalimani; mkalimani nilikuwa mimi. Alimulika jicho, akaligusa juu ya ukope kwa vidole viwili. Kisha akanigeukia.

"Muulize bibi yako: kabla ya leo, jioni, akitazama taa au mshumaa, huona duara la rangi pembeni yake? Kama upinde wa mvua?"

Jamani! Habari ile haikutoka nje ya mtaa wetu. Sisi hatukumwambia mtu mwingine, Bi Kulwant hakumwambia mtu, na Mzungu huyu, ambaye tumemkuta robo saa iliyopita, anaijua nuru ya Salma na rangi zake. Akili yangu ya kitoto ikafanya hesabu ikapata jibu moja tu: huyu ni walii, mtu wa Mungu anayefunuliwa siri. Amejificha ndani ya koti jeupe kama mawalii wanavyojificha.

Nikamwinamia Nyanya sikioni. "Nyanya, huyu anaijua nuru yako."

"Umemwambia wewe?"

"La, wallahi! Ameniuliza mwenyewe. Duara la rangi, kwenye mshumaa, jioni."

Nyanya akatulia. Maumivu yalikuwa yakimsokota lakini akatulia kabisa. "Mwambie ndiyo," akasema. "Kisha muulize amejuaje."

Nikauliza. Daktari akasema, "Wagonjwa wangu wote wenye ugonjwa huu huliona."

Nikatafsiri kwa furaha kubwa. Wote wanaliona, Nyanya, wote! Nilipiga picha kichwani ya wodi nzima ya wazee waliojaa nuru, kila mmoja na maiti wake. Nyanya aligeuza uso akaulaza upande wa ukuta, na mimi nikadhani ni heshima, kwamba mtu hamkodolei macho walii.

Wakamtia matone ya dawa, wakamchoma sindano, wakamnywesha gilasi ya kitu kizito kitamu kilichokamuliwa limau, cha kuvuta maji kutoka jichoni. Nyanya, na maumivu yake yale, akaniambia, "Hii shira yao haijaiva." Nikajua bado yuko.

Mama alifika na aproni yake ya kazini, mikono inanuka madini. Maumivu yalikuwa yamepungua. Daktari akamketisha akamweleza taratibu, nami nikisaidia pale Kiingereza cha Mama kilipokwama. Ndani ya jicho mna maji, alisema, na maji hayo yana upenyo wa kutokea. Nyanya ana mtoto wa jicho. Lenzi imevimba, imelisukuma mbele lile pazia la rangi linalozunguka mboni, na upenyo umezibika. Maji yanajaa yasiwe na pa kwenda. Gizani mboni hupanuka, na hapo kunaziba zaidi. Maji yakijaa, jicho linapata ukungu, na ukungu huo ndio unaoitia taa duara la rangi. Dawa zitashusha presha siku chache tu. Dawa ya kweli ni kupasua na kuitoa lenzi yote, upenyo ufunguke. Wakichelewa, jicho hili litafuata lile lililotangulia.

"Na zile rangi?" Mama akauliza. Aliuliza kwa woga, kwa kuwa mamake alikuwa anasikiliza.

"Zitakwisha," akasema daktari.

Mama akamtafsiria mamake yote, hakuficha. Nyanya akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sitaki."

"Mama, jicho lenyewe ni moja."

"Nimesema sitaki."

"Utakuwa kipofu, Mama! Utakaa kwenye kile kiti ukishikwa mkono kwenda chooni!" Mama alikuwa analia sasa. "Nimeshampoteza Salma. Wewe nawe wataka nikupoteze huku unapumua?"

Mimi nikaona niokoe jahazi. Nikapanda kitandani, nikamwambia Nyanya asiogope, kwamba daktari huyu ni walii, ndiyo maana alijua bila kuambiwa, na nuru akiitoa ataiweka mahali pazuri. Mama akaniangalia kana kwamba nimerukwa na akili. Nyanya akapapasa hadi akaupata uso wangu.

"Mwanangu," akasema, "kama wagonjwa wote wanaiona, basi si Salma."

Sikuelewa. Nikarudia kwamba wote wanaiona, kwamba hiyo ndiyo dalili.

"Ndiyo. Ni dalili," akasema. "Mtu huyu hajui siri ya mwanangu. Anajua maradhi." Kisha akazungumza na Mama, si na mimi. "Kumbe miezi yote hii nilikuwa nimekaa na maradhi. Nayavalia leso safi. Nayafukizia udi. Nawazimisheni taa nyumba nzima ili yapate kunila vizuri." Akapapasa hadi akaupata mkono wa Mama. "Nilimwona, Zaina. Haki ya Mungu nilimwona."

"Najua, Mama."

"Waje wapasue," akasema Nyanya. "Sina tena ninachokilinda mle."

Nilikuwa na miaka tisa na nilikasirika sana, nasema kweli. Nilikuwa na walii na nyanya mwenye nuru, na kwa sentensi moja wameniachia mzee mgonjwa na daktari. Nilikwenda kukaa kwenye korido nikikataa kuongea na mtu, hadi Mama akaja kunipa biskuti.

Siku zile upasuaji wa macho haukuwa huu wa leo wa kuingia asubuhi na mchana uko kwako unakula wali. Walimlaza chali, macho yote mawili yamefungwa, vifuko vya mchanga huku na huku vya kukizuia kichwa kisigeuke. Alisali kwa kidole tu. Muuguzi akanipa masharti nimtafsirie: asiiname, asikohoe, asipige chafya, asijikamue chooni. Na asilie. Nyuzi ni nyembamba, alisema, akilia kwa kwikwi zinaweza kuachia, na jicho litakwenda.

"Hata machozi tu?" Nyanya akauliza.

Nikamuuliza muuguzi. "Hata machozi tu," nikamjibu.

Nyanya akavuta pumzi ndefu. "Wameniweza," akasema.

Mimi nilifikiri ni sharti rahisi kuliko yote. Nyanya yangu hakuwa mtu wa kulia; sikuwahi kumwona. Lakini kila tulipokwenda kumtazama nilikuta midomo yake imebanwa na vidole vinakunjakunja shuka. Siku moja Mama alikaa pale akashindwa, mabega yakaanza kumtikisika. Nyanya hakumwona, macho yamefungwa, ila alimsikia.

"Zaina, toka nje. Nenda kalie huko."

"Silii, Mama."

"Unalia. Na ukinianzisha mimi sitasimama, utanipasua hili jicho. Toka, mwanangu, nakuomba."

Mama akatoka. Nyanya akaniambia nimsimulie kitu, chochote, upesi. Nikamsimulia jinsi mdogo wangu alivyokula sabuni, na nikaona kifua chake kinapanda na kushuka taratibu, kinapanda na kushuka, hadi kikatulia. Nilijivuna kwamba kisa changu kilikuwa kitamu.

Alirudi nyumbani na miwani minene ambayo iliyafanya macho yake yaonekane makubwa ajabu, na vitu vyote kwake vikawa vikubwa na karibu. Alinyoosha mkono kuchukua kikombe akashika hewa. Aliponiona mara ya kwanza alishtuka. "Mbona umevimba hivi? Wanakulisha nini?" Kisha akamwomba Mama amletee yule mtoto, akamtazama kope kwa kope, pua, masikio, akasema hakujua kama ana alama kwenye kidevu. Alikuwa amembeba tangu siku aliyozaliwa na hakuwa ameiona. Balbu ya sebuleni akaitazama mara moja tu. "Taa," akasema, na hakuizungumzia tena.

Bi Kulwant alikuja na mandazi. Nyanya akamkalisha karibu, akamshika mkono, akamwambia ukweli wote: hayakuwa ya Mungu, yalikuwa ya jicho, hakumwona baba yake na hakumwona hata mwanawe. Bi Kulwant akaisogeza sahani. "Sasa mandazi nimeshapika, Mama," akasema. "Tule tu." Nilimpenda mwanamke yule.

Wiki zikapita. Nyanya akawa anakaa, anapika, anasali kitini bila kuinama. Jioni alivaa leso safi kama zamani, lakini taa iliwaka, na mimi nikamwona mara nyingi anajishika kifua kwa ngumi, anajigonga pole pole, kana kwamba kuna kitu kimemkwama pale. Nilimwambia Mama labda amekula kitu kibaya. Mama akasema nimwache.

Ikafika siku ya kurudi kwa daktari. Mama alikuwa kazini, tukapanda basi wawili, Nyanya amenishika bega na mimi nampigia hesabu ya ngazi. Daktari akamulika, akatazama, akatazama tena, akatabasamu. Jicho limepona. Nyuzi zimeshika. Presha iko chini, na upenyo uko wazi. Akaniambia nimwambie bibi yangu kwamba jicho lake amelibakiza, na kama ana swali aulize.

Nikamwambia. Nyanya alikaa wima kwenye kile kiti cha ngozi, mikono mapajani.

"Muulize, sasa naruhusiwa kulia?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nikamwambia daktari, kwa aibu, kwamba bibi yangu anauliza kama sasa anaweza kulia. Daktari aliizima ile tochi yake. Alimtazama Nyanya, hakunitazama mimi, na alimjibu yeye kana kwamba anakijua Kiingereza.

"Ndiyo," alisema. "Sasa unaweza. Kadiri utakavyo."

Nyanya hakungoja tafsiri. Alivua miwani, akaikunja, akanikabidhi niishike. Kisha akainuka, akajifunika leso yake vizuri kichwani, akanishika bega.

"Twende nyumbani, mwanangu, tukatandike mikeka. Kamwite Bi Kulwant, na mama yako akatolewe kazini. Tuna msiba."